Kigari Kidogo na Mizani ya Mwendo

Kila ifikapo sikukuu, kina baba na kina mama wa visiwa hivi huwanunulia watoto wao vitu vya kuchezea, na miongoni mwa vinavyopendwa sana siku hizi ni vigari vidogo viendeshwavyo kwa rimoti. Mwenye kupita mitaani asubuhi ya siku hiyo huwaona watoto wamekusanyika kwa furaha mbele ya baraza. Kigari hutimuliwa mbio, kikafika kwenye kona, kikapinduka magurudumu juu. Mtoto huenda akakiinua na kukirejesha njiani, nacho kikapinduka tena. Siku ya tatu au ya nne kigari hicho hutupwa uvunguni, na wazee husema kwamba bidhaa za siku hizi si madhubuti.

Sisi tunasema kwamba mara nyingi kosa si la bidhaa. Kigari kinachopinduka kina sababu ya kupinduka, na sababu hiyo inaweza kupimwa, kuelezwa na kuondolewa na mtoto mwenyewe akiwa na bisibisi, gundi kidogo na subira. Aidha, sababu inayokipindua kigari cha kuchezea ndiyo hiyo hiyo inayoipindua gari ya shamba iliyojazwa magunia hadi juu ya keria, na ina ujamaa wa karibu na ile inayopindua vyombo baharini. Kwa hivyo tunawaomba ndugu wasomaji, na hasa ndugu zetu wenye dhamana ya elimu na usafirishaji, wasione tumepungukiwa na la kusema tunapoitoa nafasi hii ya leo kwa mchezo wa watoto.

Kwanza ifahamike kwamba katika nchi nyingine mchezo huu umekwisha kuwa fani. Japani ndiyo iliyotangulia mbele katika mambo haya. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka ilitoa mwaka 1976 kigari cha rimoti cha mfano wa Porsche 934, kilichopunguzwa mara 12 kutoka gari ya kweli. Mwaka 1999 kampuni nyingine ya Japani, Kyosho, ilianzisha vigari vya Mini-Z, vilivyopunguzwa takriban mara 28, hata kigari kizima kikaweza kukaa kiganjani. Kigari hicho huendeshwa kwa betri nne ndogo, nazo hazikutiwa popote palipopatikana nafasi, bali zimelazwa chini kabisa, pande mbili za fremu. Mafundi wake hukutana wakashindana, na mara nyingi kinachomtenga mshindi na mshindwa si nguvu ya mota, bali ni matengenezo. Matengenezo hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Jambo la kwanza ni uzito, na mahali uzito ulipokaa. Gari inapopinda kona, mwili wake hutaka kuendelea mbele moja kwa moja, ilhali mipira yake imeshika ardhi na kuivuta ndani ya kona. Chini inashikwa na juu inasukumwa nje. Hapo ndipo gari inapotaka kulala. Kinachoamua kama italala au haitalala ni vitu viwili tu: upana baina ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini. Ichukuliwe nusu ya upana huo, igawanywe kwa kimo hicho, na jawabu litakalopatikana ndilo kipimo cha utulivu wa gari. Tukichukua kigari chenye upana wa milimita 60, ambacho kitovu chake cha uzito kiko milimita 20 kutoka chini, nusu ya upana ni 30, na jawabu ni moja na nusu. Kitovu hicho kikipanda hadi milimita 30, jawabu linashuka kuwa moja. Hivyo basi, milimita kumi tu, ambazo ni upana wa kidole, zimekipunguzia kigari theluthi nzima ya utulivu wake.

Kutokana na hayo, mtoto mwenye kigari kinachopinduka asianze kulaumu mota. Na atazame kwanza kilichoko juu. Bodi nzito ya plastiki, taa za mapambo na betri iliyopachikwa juu ya fremu, vyote hivyo vinapandisha uzito. Betri ishushwe chini kadiri inavyowezekana, bodi iwe nyepesi, na fremu ikae karibu na ardhi, ila isiiguse. Aidha betri ifungwe barabara isicheze, kwa sababu mzigo unaohama wakati gari inapinda huhamia upande wa nje, yaani upande ule ule gari inakotaka kuangukia. Magurudumu nayo yaweza kutolewa nje kidogo kwa kutiwa washa nyembamba baina ya gurudumu na ekseli, mradi yasikwaruze bodi.

Jambo la pili ni mipira. Wengi hudhani kwamba mpira ukishika zaidi, gari huwa salama zaidi. Ukweli una pande mbili. Mpira ukishika kidogo, kigari huteleza. Mpira ukishika kupita kile kipimo cha utulivu tulichokitaja, kigari hakitelezi tena, bali hupinduka. Ndiyo maana kigari kinachokwenda vizuri juu ya sakafu ya saruji yenye vumbi hupinduka kikiletwa juu ya zulia. Mafundi wa vigari vidogo hutumia mipira ya ugumu mbalimbali, iliyotiwa nambari, na kadiri nambari inavyokuwa ndogo ndivyo mpira unavyokuwa laini. Kwa kawaida huweka laini nyuma na migumu zaidi mbele. Mipira ya nyuma ikishika vizuri, mkia hautoki njiani. Na ile ya mbele ikishika kwa kiasi, kigari hakiingii konani kwa ghadhabu hata kikabiruka. Mtoto asiye na mipira ya nambari anaweza kufanya jambo lenye faida hiyo hiyo: aifute ya nyuma kwa kitambaa chenye unyevu mpaka vumbi litoke, na kama kigari bado kinapinduka, aibandike ya mbele utepe mwembamba kwenye ukingo wa nje ili ishike kidogo.

Jambo la tatu ni springi na shokomzoba. Kazi ya springi ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka pamoja na ardhi bila ya kuirusha gari nzima. Springi ngumu mno hukifanya kigari kiruke kwenye changarawe, na gurudumu lililoko hewani haliwezi kuongoza wala kufunga breki. Springi laini mno hukifanya kiinamie upande mmoja na kuchelewa kuinuka. Shokomzoba kazi yake ni kuutuliza mchezo wa springi. Yenye mafuta mazito huutuliza zaidi, yenye mafuta mepesi huuachia. Mfano maarufu ni kigari cha Tamiya kiitwacho Lunch Box, kilichotoka mwaka 1987. Hicho ni mfano wa gari fupi ya bodi ndefu kwenda juu, yenye magurudumu makubwa, nacho hupenda kuinua pua kikiondoka na kudundadunda nyuma kikipita penye mashimo. Wapenzi wake hawakukitupa. Waligundua kwamba shokomzoba ya tano, ikifungwa nyuma baina ya fremu na sanduku la gia, hulituliza lile dundo, na maarifa hayo yakaenea miongoni mwao katika nchi nyingi.

Jambo la nne ni difu. Gari inapopinda, gurudumu la nje huenda masafa marefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yatofautiane. Vigari vingi vya bei nafuu havina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamekazwa pamoja. Kigari cha namna hiyo hukataa kupinda, kisha ghafla mkia ukatoka. Kukitambua ni rahisi: kiinuliwe, gurudumu moja la nyuma lizungushwe kwa mkono huku mota imezimwa. Likizunguka jingine upande wa kinyume, difu ipo. Yakizunguka yote mawili upande mmoja, haipo, na mwenye kukiendesha hana budi kupunguza mwendo kabla ya kona.

Hapo tumefika kwenye jambo la tano, nalo ni mkono wa dereva. Kigari kinyooke kwanza. Rimoti nyingi zina kitufe kidogo cha kurekebisha usukani ili kigari kiende sawa pasipo kuguswa. Baada ya hapo dereva ajifunze kwamba mpira una uwezo wa kiasi maalumu, na uwezo huo ukitumiwa wote katika breki, haubaki wa kupindia. Basi na apunguze mwendo wakati bado yuko njia iliyonyooka, apinde kwa upole, na aongeze mwendo anapotoka konani. Siku hizi kipo kifaa kidogo kiitwacho jairoskopu, kinachohisi mkia unapotoka na kuurekebisha usukani chenyewe kabla dereva hajatanabahi. Ni kifaa cha maana. Lakini jairoskopu haiushushi uzito uliowekwa juu, wala haiupanui upana wa magurudumu. Kigari kilichopakiwa vibaya kitapinduka nayo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote, nalo ni namna ya kufanya matengenezo yenyewe. Mtoto asiye na mwongozo hubadilisha mipira, springi na betri kwa pamoja. Kigari kikienda vizuri hajui ni kipi kilichofaa, na kikienda vibaya hajui ni kipi kilichoharibu. Fundi hafanyi hivyo. Fundi hupanga vifuu vya nazi vinne uwanjani, akakizungusha kigari mara tano, akatazama saa na kuandika kwenye daftari muda uliopita na mara ngapi kimepinduka. Kisha hubadilisha jambo moja tu, akazungusha tena mara tano na kuandika. Kukiwa na nafuu, huliacha lilivyo. Kukiwa na ubaya, hulirejesha lilivyokuwa. Mtoto wa darasa la saba aliyekwisha jaza kurasa kumi za daftari la namna hiyo amejifunza sayansi kwa mikono yake, na hakuna mtihani utakaoweza kumpokonya.

Kipimo kingine chepesi ni cha ubao. Kigari huwekwa juu ya ubao kikielekea pembeni, ukapigiliwa ufito mwembamba kando ya magurudumu ya chini ili kisiteleze, kisha ubao ukainuliwa upande mmoja polepole. Pembe ya ubao wakati kigari kinapoanza kuanguka ndiyo inayoonyesha utulivu wake. Kile kigari chetu chenye kipimo cha moja na nusu kitasimama mpaka karibu nyuzi 56. Chenye kipimo cha moja kitaanguka kwenye nyuzi 45. Wasidhani wasomaji kwamba hayo ni ya kuchezea tu. Nchini Uingereza basi la ghorofa, likiwa na mzigo unaolingana na abiria wa ghorofa ya juu, hulazimika kuinamishwa nyuzi 28 bila ya kuanguka kabla ya kukubaliwa kuchukua watu. Ubao wa mtoto na mtambo wa serikali vinafanya kazi moja.

Na tuifanyie hesabu gari kubwa. Tuseme lori lina upana wa mita mbili baina ya magurudumu, na limepakiwa hata kitovu chake cha uzito kimefika mita mbili kutoka chini. Nusu ya upana ni mita moja. Kipimo chake ni nusu. Lori hilo likiingia kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 28, mwendo wa kilomita 42 kwa saa unatosha kulilaza. Mzigo ukipangwa vyema, vizito chini na vyepesi juu, kitovu kikashuka hadi mita moja na nusu, lori hilo hilo katika kona hiyo hiyo litavumilia karibu kilomita 49. Na hiyo ni hesabu ya kuoneana huruma, kwani springi na mipira vinapobonyea upande wa nje, lori huanguka kabla ya kufika hapo. Yule kijana anayepanda juu ya keria kupanga mikungu ya ndizi juu ya magunia ya karafuu hajaiona hesabu hii, na dereva naye hajaiona. Lakini kama waliwahi kuwa na kigari na daftari, wangaliijua bila ya kuiandika.

Vyombo vya majini vina kanuni yao ya ziada, kwa sababu maji yenyewe ndiyo yanayovibeba. Hata hivyo uzito ukipandishwa juu, au watu na mizigo wakazidi kiasi, utulivu hupungua huko kama unavyopungua nchi kavu. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa hilo kwa maneno mengi. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walifariki. Hatusemi kwamba vigari vya rimoti vingaliwaokoa marehemu hao. Tunasema kwamba sheria ya kupakia hupata nguvu pale tu mpakiaji, abiria na mkaguzi wote watatu wanapojua kwa nini imetungwa. Abiria anayejua atakataa kupanda. Asiyejua ataona askari wa bandarini anamwonea.

Watakuwapo watakaotuambia kwamba vigari hivyo ni anasa ya watoto wa wenye uwezo. Hoja hiyo ni ya haki na tunaijibu. Tangu zamani watoto wa visiwa hivi wametengeneza gari zao wenyewe kwa makopo na waya, magurudumu wakayakata kwenye kandambili kuukuu, na usukani ukawa fimbo ndefu yenye duara la waya juu. Gari ya kopo hupinduka kwa kanuni ile ile, na hutengenezeka kwa kanuni ile ile. Jiwe likitiwa juu ya kopo na jiwe likitiwa sakafuni mwa kopo ni somo kamili la kitovu cha uzito, na halina gharama. Rimoti inaongeza mwendo na umeme, haiongezi kanuni. Na kwa wingi wa vigari vilivyotupwa mavunguni, skuli moja ikiwaomba wazazi wavilete vile vibovu, itapata mota, gia na magurudumu ya kutosha kuanzia.

Kwa hayo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, walimu wa sayansi katika skuli za msingi na za kati waruhusiwe, tena watiwe moyo, kutumia vigari vya kopo na vya rimoti katika somo la nguvu na mwendo, na kila kikundi cha wanafunzi kiwe na daftari lake la majaribio. La pili, vituo vya mafunzo ya amali pamoja na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume vifikirie kuandaa siku moja kwa mwaka ambapo vijana watashindana kwa vigari walivyovitengeneza, na zawadi asipewe mwenye mbio tu, bali na yule atakayeweza kueleza mbele ya watu kila alichokibadilisha na sababu yake. La tatu, wakaguzi wa gari na wa bandari waalikwe siku hiyo na ubao wao wa kuinamisha, wawaonyeshe wananchi kwa kigari kidogo kile wanachokikataza kwa gari kubwa na kwa meli.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tulilijua neno mizani mapema, kwani limo katika Surat Rahman, ambamo waja wanahimizwa kuitimiza na kutoipunja. Wengi wetu tulidhani utotoni kwamba linamhusu mwenye duka peke yake. Tulipokua tuliona kwamba kila kinachosimama kina mizani yake, na kwamba gari, meli na hata kazi za umma huanguka pale mizani hiyo inapodharauliwa kwa tamaa ya kuongeza gunia moja zaidi.

Basi mzazi atakayemwona mwanawe sikukuu ijayo anakiinua kigari kilichopinduka mara ya tatu, asimcheke wala asimnyang'anye. Na ampe bisibisi na daftari, kisha amwulize: uzito wake uko wapi?